Kabureta Ndani ya Beseni la Fiston

Juzi asubuhi kijana mmoja wa pikipiki alisimama mbele ya geti langu hapa Kolwezi, akafungua kabureta ya pikipiki yake na kuanza kuisafisha kwa petroli ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa nusu. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele. Harufu ilipoingia dirishani, mikono yangu iliacha kazi bila kuniuliza. Nilijikuta nimesimama katikati ya jikoni, nimebana pumzi, nasikiliza kama kuna mtoto anayekohoa ndani ya nyumba. Hapakuwa na mtoto; wangu wote walikuwa shuleni. Nilifunga dirisha, nikakaa, nikangoja mpaka kijana yule alipowasha pikipiki yake na kwenda zake.

Petroli peke yake hainifanyi hivyo. Nikipita kwenye kituo cha mafuta sisikii kitu. Kinachonishika ni petroli iliyo wazi, ndani ya chombo cha nyumbani, na vipande vidogo vya shaba vimelala chini yake. Sijawahi kumweleza mtu sababu. Leo nimeona niiandike, kwa ajili ya wenzangu wa rika langu waliokulia kwenye nyumba za kampuni na wanaokumbuka maisha yalivyokuwa.

Sisi tulikaa Kapata. Mnazikumbuka zile nyumba: mstari juu ya mstari, zote sura moja, veranda moja, dirisha moja upande wa mbele, hata mgeni akizubaa kidogo anaingia kwa jirani na kukaa kitako. Baba alikuwa karani. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kalamu, mwenye mwandiko mzuri ambao majirani walikuja kuuomba wakiwa na barua ya kuandika. Kazi ya kampuni ilipokwisha, alichobaki nacho ni gari kuukuu la Peugeot, lile lenye nyuma ya kubebea mizigo na turubai juu, alilorithi kwa kaka yake. Akaanza kwenda nalo Sandoa kuleta mahindi na mihogo mikavu. Barabara ile ina mchanga, ina vilima, na gari lilikuwa limechoka. Likipakiwa, lilipanda kilima kwa kukohoa na kusimama. Mara mbili baba alilala porini na mizigo yake, na mara zote mbili mama hakula mpaka alipomwona anarudi.

Baba hakujua gari. Alijua kulielekeza tu. Kwa hiyo alimfuata jirani yetu, Tata Ilunga, mzee aliyekuwa fundi kwenye gereji ya kampuni, mwenye vidole vifupi vyeusi na tabia ya kuita kila gari bovu "mugonjwa." Kwetu tata ni baba, na kila mzee wa rika la baba tulimwita hivyo. Jioni walikaa wote verandani. Tata Ilunga alieleza, baba aliandika kwenye daftari kama mwanafunzi.

Na alikuwepo mdogo wangu, Fiston, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mimi nilikuwa na minane. Tangu alipozaliwa hakuna aliyeniita tena jina langu. Nilikuwa Yaya, na kwetu Yaya ni dada au kaka mkubwa. Nilimbeba mgongoni mpaka mbavu zangu zikajua umbo lake. Fiston alikuwa na kifua kibaya. Akikimbia alikohoa, akicheka alikohoa, na siku za vumbi pumzi yake ilipiga mluzi mwembamba ambao niliusikia hata nikiwa nimelala. Nilizoea kulala mkono wangu ukiwa juu ya kifua chake, na mkono ukiacha kupanda na kushuka niliamka.

Jumamosi ile, baada ya chakula cha mchana, mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya parokiani. Mimi nilimlaza Fiston kwenye mkeka ndani, chini ya dirisha la mbele, nami nikalala kando yake. Dirisha lilikuwa wazi. Upande wa pili wa ukuta, verandani, baba na Tata Ilunga walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini.

"Huyu mugonjwa anakosa pumuzi," alisema Tata Ilunga. "Umemusikia mwenyewe. Akipanda kidogo tu, anakohoa."

"Hata akisimama tu, anakohoa," baba akajibu.

"Ni koo. Koo yake iko kadogo sana, haipitishe. Tutamutoboa na kale kachuma kangu. Kidogo tu. Utaona vile atapumua."

Nilisikia kiti cha baba kinalia.

"Na akikufa?"

"Hapana, hatakufa. Mi nimetoboa mingi kule ku garaji." Tata Ilunga akacheka kidogo. "Mumoja tu njo alikufa, na yule alikuwa tayari muzee."

"Basi mama asijue mbele," alisema baba. "Anaogopaka sana mambo ya vile. Kesho akienda ku misa, sisi tunafanya. Akirudia, akute imekwisha."

Ninyi mnaosoma mmeshajua walikuwa wanasema juu ya nani. Mimi sikujua. Kiswahili chetu hakimtengi mtoto na gari: wote ni "huyu," wote ni "yeye," wote wanapumua na kukohoa na kufa. Na mgonjwa wa koo ninayemjua mimi alikuwa amelala mbele yangu, mdomo wazi, jasho puani.

Tena mngekuwa mimi mngeamini vilevile. Miezi michache kabla, mtoto wa nyumba iliyo nyuma yetu alikohoa sana, na watu wake wakamleta mwanamke mmoja wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia ndani ya koo. Nilikuwa pale uani na watoto wengine. Niliona kichuma kirefu kilichopindwa ncha, nikaona kitambaa cheupe kinaingia ndani na kutoka kikiwa chekundu. Siku ya tatu walianza kulia katika nyumba ile. Kwa hiyo nilijua kwamba watu wazima, watu wema wanaokupenda, wanaweza kukaa na kukubaliana juu ya jambo kama hilo, wakakushika miguu.

Tata Ilunga alipoondoka, na baba alipokwenda kuteka maji, nilifungua daftari la baba. Nilikuwa najifunza kusoma na nilisoma kila kitu kilichokuja mkononi. Kurasa za mwisho kulikuwa na mchoro wa kalamu ya bluu. Bomba limesimama wima, pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Ndani ya ule wembamba, kitu kama sindano. Pembeni, kwa ule mwandiko mzuri wa baba, mshale na neno: *koo.* Chini yake: *kutoboa hapa, polepole.* Nilifunga daftari, nikalirudisha mahali pake, nikarudi kulala kando ya Fiston.

Mama aliporudi sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani niliogopa angekubali. Ikiwa baba, ambaye hakuwahi kunipiga hata kofi, aliweza kupanga jambo hili kwa sauti ya utulivu vile, basi mama naye angeweza kukaa chini, kufuta macho na kitenge, na kusema sawa. Mradi hakujua, kulikuwa bado na mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye hakuwa amekubali. Usiku ule Fiston alikohoa, nami nilimziba masikio ili asisikie mipango yao, kana kwamba ilikuwa bado inasemwa.

Asubuhi ya Jumapili mama alivaa kitenge chake cha kwaya. Kwa kawaida tulikwenda naye sote wawili. Siku hiyo alimgusa Fiston kifuani na kutikisa kichwa.

"Huyu abaki. Vumbi ya njia itamumaliza. Yaya, utabaki naye."

"Mama, usiende."

"Ju ya nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, anakunja mikono ya shati. Nilimtazama, nikatazama chini.

"Hapana kitu."

"Usiogope," mama akasema, akinifunga kifungo cha gauni. "Tata iko."

Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, na wenzake wa kwaya wenye vitenge vya rangi ileile. Nyuma yangu baba aliuliza, "Mama ameenda?" Nikasema ameenda. Akafurahi. Nilimwona akifurahi.

Tata Ilunga alikuja na kopo la maziwa lililojaa zana. Akatandika gunia mezani verandani na kupanga: bisibisi, koleo, vichuma vyembamba vilivyofungwa kwenye kitambaa, kimoja kikiwa chembamba kama sindano ya mama. Gari lilikuwa limeegeshwa kando, boneti juu, lakini mimi gari sikuliona. Niliona kile kichuma.

"Yaya!" baba akaita. "Nipatie beseni ya Fiston. Ile kadogo ya kumuogesha. Na kitambaa kisafi."

Nilichukua beseni. Lilikuwa jeupe, la chuma, na ua jekundu lililobanduka. Nilikwenda nalo verandani, nikaliweka mezani pamoja na kitambaa. Baba alinishukuru. Akamimina ndani yake kitu kilichonuka kikali, hewa juu yake ikatetemeka.

"Na Fiston iko wapi?" akauliza.

"Analala."

"Muzuri. Umuangalie. Mi nitakuita."

Niliingia ndani. Fiston hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapiga kijiko sakafuni. Nilimtupa mgongoni, nikamfunga na kitenge cha mama cha nyumbani, mafundo mawili, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba mama angerudi baada ya misa, na kwamba baba alitaka iwe imekwisha kabla ya hapo. Nikiweza kumficha Fiston mpaka misa iishe, basi. Nilipita nyuma ya nyumba, katikati ya miti ya mihogo na kamba za nguo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamsuka binti yake aliuliza, "Yaya, unaenda wapi na mutoto?" Nikajibu, "Ku misa," bila kusimama. Fiston alicheka mgongoni kwa sababu nilikuwa nakimbia, na kila kicheko kiliisha kwa kikohozi.

Mwisho wa mstari wetu palikuwa na nyumba tupu. Waliokuwa wanakaa humo walirudi kwao kaskazini, na mlango wao ukang'olewa na watu wengine. Muuza makala mmoja, yaani mkaa, aliweka magunia yake humo ndani na kuziba mlango kwa bati. Nililisukuma bati, nikaingia, nikalirudisha. Giza. Mwanga uliingia kwa tundu moja juu ya ukuta na ndani yake vumbi jeusi lilikuwa linacheza. Nilikaa nyuma ya magunia, nikamshusha Fiston, nikampakata.

Mtu mzima angejua. Mtoto wa kifua vile, ndani ya chumba cha makala. Mimi niliona giza tu, na giza lilikuwa zuri, maana hakuna ambaye angetuona.

Mwanzoni alichezea kipande cha makala. Alijipaka mashavuni, akanipaka na mimi. Halafu kikohozi kikaja, na hakikuondoka. Nikampulizia usoni. Nikampigapiga mgongo kama mama alivyofanya. Mluzi ukaanza, si ule mwembamba wa usiku. Huu ulikuwa na kona, ulikwama na kuachia. Nilimwambia, "Taratibu, Fiston. Taratibu, mama anakuja." Alinitazama. Macho yake yalikuwa makubwa na yalikuwa yananiuliza jambo.

Ndipo nikasikia sauti ya baba nje.

"Yaya! Yaya eh! Muko wapi?"

Ilikuwa karibu. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, vinakuja, vinasimama. Fiston alivuta hewa ili akohoe.

Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Nimeliandika. Niliweka kiganja changu juu ya mdomo wa mdogo wangu na kukikaza, kwa sababu nje kulikuwa na baba yetu. Kikohozi kilipiga mkononi mwangu kutoka ndani, mara ya kwanza, ya pili. Kichwa chake kilijitupa nyuma kwenye kifua changu. Mikono yake ilishika kidole changu, ikakivuta, na haikuwa na nguvu ya kukitoa. Nilihesabu hatua za baba. "Yaya!" Sauti ilikwenda upande wa bomba la maji. Hatua zikapungua. Nikatoa mkono.

Hakukohoa. Hilo ndilo nililolisikia kwanza, kwamba hakukohoa. Kifua chake kilikuwa kinapanda bila kushuka, na pale chini ya shingo ngozi iliingia ndani kila mara, shimo dogo, kama mtu anavyobonyeza unga kwa kidole. Midomo yake chini ya masizi ilikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu. Nilimtikisa. Nilimwita. Mluzi ulikuja mmoja, mrefu, halafu ukakaa bila kuja mwingine.

Sitasahau nilichokiwaza. Niliwaza: nikibaki hapa atakufa, nikimpeleka nyumbani watamtoboa na atakufa. Nilikaa na mawazo hayo mawili kwa muda ambao sijui urefu wake. Nafikiri ulikuwa mfupi. Kwangu haujaisha. Halafu nikapiga bati teke, nikatoka kwenye jua nikiwa nimemkumbatia kifuani, nikapiga kelele, "Tata! Tata! Tata!"

Baba alikuja mbio kutoka bombani. Alinikuta njiani, akamnyakua Fiston, na kuanza kukimbia kurudi nyumbani. Nilimfuata nikiwa nimemng'ang'ania shati.

"Musimutoboe! Tata, musimutoboe! Atakufa!"

"Unasema nini?"

"Musimutoboe koo!"

Hakusikia, au alisikia na hakuelewa. Tulipofika verandani, Tata Ilunga alisimama na kichuma mkononi, nami niliruka na kumuuma mkono wa juu ya kiwiko. Nilimuuma hasa. Alipiga yowe na kukiangusha. Ndipo nikaona beseni. Ndani yake, chini ya petroli, hakukuwa na kitu cha mtu. Kulikuwa na chuma chenye matundu, na vijiti, na vipande vidogo vya shaba vinavyong'aa. Kwenye gari, pale katikati ya injini, palikuwa na shimo lililozibwa na kitambaa kisafi nilichowaletea.

Sikuelewa bado. Nilielewa jambo moja tu: baba alikuwa amesimama na Fiston mikononi, anatazama gari lisilo na kabureta, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto.

"Hopitali," alisema. "Ilunga. Hopitali."

"Weka yule mutoto chini! Mikono yako ni esanse mutupu, unamumaliza! Mupatie Yaya!"

Ni kweli. Fiston alikuwa anageuza uso kukimbia shati la baba lililolowa petroli. Baba alinipa. Nilikaa kwenye ngazi, nikamshika wima kama Tata Ilunga alivyoniambia, mgongo wake juu ya kifua changu, na nikasikia kila pumzi yake ikigombana na mwili. Wao wawili wakaanza kuunganisha ile kabureta. Siku hiyo ya Jumapili hapakuwa na gari jingine kwenye mstari wetu. Jirani aliyekuwa na baiskeli alikuwa amekwenda nayo kanisani. Tata Ilunga alifanya kazi huku damu ikimtiririka pale nilipomuuma. Baba alimpa vipande. Skrubu moja iliiponyoka mikono yake iliyozoea kalamu na kuanguka mchangani, akapiga magoti na kuchambua mchanga kwa vidole akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka akaiona.

"Chujio ya hewa?" baba akauliza.

"Acha chujio! Piga motere."

Baba aliingia na kuwasha. Injini ilizunguka, ikakohoa, na kwa mdomo wazi wa kabureta ulitoka moto, ulimi mzima wa njano. Tata Ilunga alitupa gunia bichi juu yake. "Tena!" Baba aliwasha tena. Ikashika. Gari lilinguruma kwa namna ambayo hatukuwahi kuisikia, na nyuma moshi mweusi ulipanda mpaka kufunika turubai. Walifunga boneti kwa kamba. Tata Ilunga akarukia nyuma. Mimi nilipanda mbele na Fiston, madirisha wazi.

Tundu walilolitoboa kwenye koo la kabureta, pale petroli inapopita, lilikuwa kubwa kupita kiasi. Hayo niliyajua baadaye. Petroli iliingia nyingi mno, moshi ulikuwa wa hiyo. Lakini kile kilima cha kwenda mjini, ambacho gari lilikuwa likikipanda kwa kusali, lilikiruka. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walikimbilia pembeni. Kati yao niliona kitenge cha kwaya. Baba alikanyaga breki, mama akaona uso wa Fiston kupitia dirisha kabla hatujasimama, na sauti aliyoitoa sitaiandika. Alipanda juu yangu, akamchukua. Njia nzima alimwita tu Fiston kwa jina lake la ubatizo, ambalo hakuna aliyelitumia.

Hospitali, muuguzi mmoja mnene alimpokea na kuanza kazi papo hapo. Alimchoma sindano, akamwekea kitu usoni chenye mpira mrefu. Kisha akainua pua. "Nani ananuka esanse hapa? Tata, toka inje! Unataka kumuua mutoto yako?" Baba alitoka. Nami, ambaye nilikuwa mweusi wa masizi kichwa hadi miguu, nilitolewa pamoja naye.

Fiston alipona. Leo ana watoto, anaishi Likasi, na akicheka bado anakohoa. Gari nalo, juma lile baba aliibadilisha ile sehemu kwa nyingine isiyotobolewa, na likaendelea kupanda vilima vya Sandoa kwa shida yake mpaka alipoliuza. Tata Ilunga alionyesha alama ya meno yangu kwa kila mgeni, akicheka. Nyumbani hadithi ikawa ya kuchekesha, Yaya aliyefikiri motere ni mtoto, na nilijifunza kucheka pale ambapo wengine walicheka. Ile sehemu ya kiganja hawakuijua. Alijua mmoja tu, baba.

Alijua kwa sababu pale nje, kwenye benchi la saruji, tulikaa wawili muda mrefu, yeye upande wake na mimi upande wangu, mikono yake imening'inia mbali na nguo. Kisha akaniuliza nilisikia nini, na nilimwambia yote. Dirisha, kachuma, yule mmoja aliyekufa, daftari. Nilimwambia makala. Nilimwambia nilivyomsikia akiita, na nilichofanya kwa mkono wangu. Sikuweza kumtazama.

Baba hakucheka.

"Uliamini mi ningemutoboa," alisema. Hakuwa ananiuliza, lakini nikajibu.

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Ulifanya muzuri kumubeba," akasema mwisho. "Unasikia, Yaya? Mutu akitaka kumuumiza ndugu yako, hata kama ni mi, umubebe hivi hivi na ukimbie. Lakini ule mukono, usiuweke tena pa kinywa yake. Umuache alie. Akilia, bantu batasikia, batakuja."

Nikasema nimesikia. Aliinua mkono anishike kichwa, akakumbuka harufu, akaurudisha gotini. Tukakaa hivyo, tukiutazama ule mlango, hadi kule ndani Fiston alipoanza kulia, kwa sauti, kwa hasira, pumzi baada ya pumzi, na baba akafumba macho na kusikiliza.